Ughaibuni: Mshahara mkubwa na hesabu zisizoandikwa kwenye mkataba

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, si shida kuikuta nyumba ya matofali iliyosimama bila paa kwa miaka kadhaa. Majirani hawaulizi ni ya nani. Wanajua kwamba mwenyewe yuko nje, na kwamba ujenzi huendelea fedha zinapofika na husimama zinapokoma.

Nyumba za namna hiyo zinaeleza mambo mawili kwa pamoja. Kuishi ughaibuni kunalipa; lakini malipo yake huja kwa awamu, na mara nyingi kwa gharama ambayo msafiri hakuihesabu siku aliyopewa viza.

Iwapo ni heri kuishi nchi ya kigeni au kubaki nyumbani ni swali lisilo na jibu la neno moja. Muuguzi wa Kikenya aliyeko Leeds, dereva wa Kitanzania aliyeko Dubai, mhandisi wa Kikongo aliyeko Brussels na mtumishi wa nyumbani aliyeko Riyadh wote huitwa watu wa ughaibuni, lakini hawaishi chini ya sheria moja. Na ni sheria hizo, kuliko ukubwa wa mshahara, ambazo huamua safari itaishia wapi.

Mgeni wa heshima na mgeni wa kawaida

Kiswahili cha mitaani kimezipa nchi za mbali majina ya kwake. Marekani iliitwa Unyamwezini, Uingereza ikaitwa Ukerewe, na Wakenya wakazijumlisha zote kuwa majuu. Kazi za huko nazo ziliitwa kubeba maboksi, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuligusa boksi.

Kiingereza, kwa upande wake, kina ubaguzi wa kimyakimya katika jambo hili. Mtu wa London anayefanya kazi Abu Dhabi hupewa jina lenye hadhi, la mtaalamu aishiye nje ya nchi yake. Mtu wa Kampala anayefanya kazi katika mji huo huo huitwa mhamiaji. Vibali vyao huenda vimetolewa na idara moja, na vyote viwili vinamtegemea mwajiri. Kiswahili hakikujisumbua kuwatenganisha: wote ni wageni, na mgeni, kama wahenga walivyosema, siku ya tatu hupewa jembe.

Fedha zinazorudi nyumbani

Faida ya kwanza ya kuishi nje inaonekana katika takwimu za benki kuu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kiasi kinachozidi kwa mbali mapato ya chai inayouzwa nje na nchi hiyo. Zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Saudi Arabia nayo, ambayo zamani haikutajwa sana katika hesabu hizo, imekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa.

Fedha za namna hii zina sifa ambayo misaada ya serikali haina: hufika moja kwa moja mkononi mwa mlengwa. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, na huduma kama hizo zikaenea katika nchi jirani, mama aliyeko kijijini hahitaji tena kusafiri hadi mjini kupokea karo ya mjukuu.

Lakini kutuma nako kuna bei. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, kupeleka dola 200 katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani takribani asilimia 8, wakati lengo lililokubaliwa katika Umoja wa Mataifa ni kushusha gharama hiyo chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwa lugha ya mfukoni, anayetuma dola 200 kila mwezi kwa wastani huo hupoteza dola 192 kwa mwaka, yaani karibu fedha ya mwezi mzima isiyomfikia mtu yeyote nyumbani. Marekani nayo, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, iliweka kodi ya asilimia 1 kuanzia Januari 2026 kwa fedha zinazotumwa nje kwa njia ya taslimu. Wanaotuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi za nchini humo hawaguswi. Anayeguswa ni yule asiye na akaunti, ambaye aghalabu ndiye mwenye kipato kidogo zaidi.

Gharama nyingine haimo katika kitabu chochote cha benki. Aliyeko nje huhesabiwa na ukoo mzima kuwa mtu mwenye uwezo. Harusi, matibabu, ada, kiwanja kinachouzwa kwa haraka, vyote humfikia yeye kwanza kwa simu. Wengi hawathubutu kueleza kwamba kodi ya chumba huko waliko imemeza nusu ya mshahara, kwa kuwa maelezo hayo nyumbani huchukuliwa kuwa choyo. Na anayetuma fedha za ujenzi kwa ndugu bila kuwa na mtu wa tatu wa kukagua, mara nyingi hugundua wakati wa likizo kwamba nyumba aliyoilipia iko kwenye picha tu.

Ghuba: hakuna kodi ya mshahara, hakuna mizizi

Kivutio kikubwa cha nchi za Ghuba ni kwamba mshahara unaoandikwa ndio unaolipwa. Umoja wa Falme za Kiarabu hautozi kodi ya mapato kwa mshahara, wala Qatar, wala Saudi Arabia. Hali hii hata hivyo inabadilika kidogo kidogo. Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mwaka 2018, na Saudi Arabia ikaipandisha hadi asilimia 15 mwaka 2020. Oman ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia 2028 itatoza asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiko juu sana kwa Mswahili wa kawaida aliyeko Muscat, lakini ni mara ya kwanza kwa nchi ya Baraza la Ushirikiano la Ghuba kuchukua hatua kama hiyo.

Mgeni wa Ghuba huingia kwa mdhamini, na kwa miongo mingi mfumo huo wa kafala ulimfanya mwajiri kuwa mwenye funguo za mlango wa kuingilia na wa kutokea. Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, ikawaongeza watumishi wa nyumbani mwaka 2020, na mwaka huo huo ikaruhusu mfanyakazi kuhamia kazi nyingine bila idhini ya mwajiri wa kwanza. Oman ilifuta sharti la idhini hiyo Januari 2021. Mageuzi hayo yana uzito wake. Hata hivyo, sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 haiwahusu watumishi wa nyumbani, ambao wamewekewa kanuni za peke yao. Nao ndio wengi miongoni mwa wanawake wanaotoka Afrika Mashariki, na ndio wanaofanya kazi nyuma ya milango ambayo mkaguzi haigongi. Kuzuiliwa pasipoti kumekatazwa, na bado kunatokea.

Kwa mwenye taaluma, hatari si ya kufungiwa bali ni ya kufika uzeeni bila kitu. Nchi hizo hazimwekei mgeni wa kawaida pensheni. Humpa kiinua mgongo. Katika Falme za Kiarabu, sheria humpa mfanyakazi mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Mengi yamejificha katika neno moja: hesabu hiyo hupigwa kwa mshahara wa msingi, bila marupurupu ya nyumba na usafiri.

Mfano utalifafanua jambo hili. Mtu aliyeajiriwa Sharjah kwa dirhamu 5,000 kwa mwezi, ambazo 2,500 tu kati yake zimeandikwa kuwa mshahara wa msingi, akimaliza miaka mitano atastahili malipo ya siku 105. Hizo ni dirhamu 8,750, yaani mshahara wa chini ya miezi miwili aliyozoea, kwa utumishi wa miezi 60. Wengi husoma jumla iliyo chini ya mkataba na kutia saini. Mstari wa mshahara wa msingi ndio uliopaswa kusomwa kwanza.

Aidha, watoto wa wageni aghalabu husoma shule binafsi za kulipia, na ada zao humaliza kile ambacho kodi haikukichukua. Mtoto anayezaliwa Dubai kwa wazazi wa kigeni hapati uraia kwa kuzaliwa huko. Anaweza kukua, kusoma na kuota ndevu katika mji huo, na bado akaendelea kuishi kwa kibali.

Muscat, ambako Kiswahili ni cha wenyeji

Mji mmoja wa Ghuba unatofautiana na mingine, na sababu yake ni ya kihistoria. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman katika karne ya 19, aliyahamishia Zanzibar makao yake, na kwa vizazi kadhaa Waomani waliishi Unguja, Pemba na Mrima, wengine wakaingia bara hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maelfu waliondoka Zanzibar. Na Sultan Qaboos alipochukua madaraka Julai 1970, aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje. Nchi ilikuwa na shule chache mno na ilihitaji watu waliosoma. Miongoni mwa wenye elimu walikuwamo wengi waliotoka Afrika Mashariki.

Kilichofuata ni ughaibuni uliogeuzwa juu chini. Watu hao walirejea katika nchi ya mababu zao wakiwa na uraia, kazi serikalini na ardhi, lakini wengi hawakujua Kiarabu sawasawa, na majirani wakawaita Wazanzibari. Zanzibar walikuwa wameitwa Waarabu, au Wamanga kwa neno la wakati ule. Hadi leo zipo nyumba za Muscat ambamo bibi huzungumza Kiswahili cha Unguja mjini kisicho na doa, mwanawe huchanganya lugha mbili, na mjukuu huelewa tu bila kujibu.

Kwa Mtanzania anayewasili leo kutafuta riziki, hali hiyo huleta mkanganyiko. Mwenye nyumba anamwamkia kwa Kiswahili na kumpikia pilau aliyoizoea, lakini mmoja wao ana uraia na mwingine ana kibali cha miaka miwili. Udugu wa lugha haumpi mtu hadhi ya kisheria. Sera ya kuwapa kazi wazawa, iliyoshika kasi nchini Oman tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, imeendelea kuziondoa kazi moja baada ya nyingine katika orodha ya zile ambazo mgeni anaruhusiwa kuzifanya.

Uingereza na Marekani: mlango wa polepole

Katika nchi za magharibi hesabu huenda kinyume. Kodi ni kubwa, baridi ni kali, na miaka ya mwanzo ni migumu, lakini mgeni anaweza siku moja kuacha kuwa mgeni. Anayepata makaazi ya kudumu nchini Marekani anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano. Akipoteza kazi hafukuzwi nchini. Mtoto wake anasoma shule ya umma bila kulipa ada.

Kabla ya kufika hapo, hata hivyo, mwenye viza ya kazi wa London au Houston hatofautiani sana na mwenzake wa Doha. Akiachishwa kazi, nchi zote mbili kwa kawaida humpa takribani siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Nchini Uingereza, tangu Februari 2024, mgeni mtu mzima mwenye viza ya kazi hulipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya huduma ya afya ya taifa, na hulipa kwa miaka yote kwa pamoja kabla ya kusafiri. Wauguzi na wahudumu wengine wa afya wenye viza yao maalumu wamesamehewa malipo hayo.

Milango yenyewe pia haidumu. Februari 2022 Uingereza iliwafungulia njia watu wa kuhudumia wazee, na Waafrika wengi wakauza mali ili kuifuata. Machi 2024 wahudumu hao walikatazwa kuja na wake, waume au watoto. Julai 22, 2025 kuajiri wapya kutoka nje kulifungwa kabisa. Njia hiyo iliishi miaka mitatu na nusu. Marekani nayo, Juni 2025, iliiweka Burundi katika orodha ya nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi vya viza, na familia zilizokuwa zikisubiri barua ya ubalozi zikajikuta zinasubiri jambo lisilo na tarehe.

Lipo pia suala la vyeti. Daktari au mwalimu anayehama huenda akakuta shahada yake haitambuliwi hadi afanye mitihani ya huko, nayo huchukua muda na fedha. Wapo wanaoivuka ngazi hiyo. Wapo pia wanaoanza kazi ya ulinzi wa usiku wakisema ni ya miezi sita, na miaka kumi ikapita.

Paspoti ya pili

Mwisho wa mlango huo wa polepole ni uraia, na hapa nchi za Kiswahili zinaachana njia. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya mwaka 2010. Uganda na Rwanda nazo zinauruhusu. Tanzania haimruhusu raia mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, na katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine.

Tofauti hiyo inaonekana kuwa ya makaratasi mpaka inapofika kwenye ardhi. Katiba ya Kenya humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu. Mkenya aliyebakiza uraia wake hana wasiwasi huo. Mtanzania aliyekula kiapo cha Uingereza, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1999, alijikuta katika kundi la wageni, hata mbele ya shamba la baba yake. Katika miaka ya karibuni serikali mjini Dodoma imechagua njia ya kati, ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo hailingani na uraia.

Kura nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2022 Wakenya walioandikishwa katika nchi 12, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu, walimpigia kura rais, ingawa si mbunge wala gavana. Mtanzania aliyeko Muscat huyasikiliza matokeo redioni.

Na anayechukua uraia wa Marekani huchukua pia mamlaka yake ya kodi. Taifa hilo humtaka raia wake atoe taarifa ya mapato yake popote duniani alipo, hata akihamia Dubai, au akirudi Mombasa kufungua duka.

Msiba, watoto na simu ya usiku

Upweke wa ughaibuni hauna takwimu, lakini una saa zake. Simu inayoita saa tisa za usiku mjini Minneapolis haileti habari njema. Asiye na karatasi zilizokamilika hulazimika kuchagua kati ya kumzika mzazi na kubaki na uwezekano wa kurudi kazini, na wengi wamefuatilia mazishi ya wazazi wao kwenye kioo cha simu.

Ndiyo maana taasisi imara kuliko zote miongoni mwa Waswahili walioko nje ni vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwanachama huchangia kila mwezi, na mwenzao anapofariki chama hulipia kuusafirisha mwili au kununua kaburi huko huko. Mtu anayehamia mji mpya hufanya busara kukitafuta chama hicho mapema, kwani ndicho pia kinachojua wakili mwenye bei nafuu na madrasa au kanisa lenye watu wa nyumbani.

Kuhusu watoto, faida na hasara zimesukwa pamoja. Hupata shule, maktaba na madaktari ambao wazazi wao hawakuwapata. Hupoteza, katika nyumba nyingi, lugha ya kuzungumza na bibi. Wazazi wanaofaulu kuwarithisha Kiswahili ni wale wanaokataa kujibu Kiingereza mezani, jambo rahisi kulisema na gumu kulitenda baada ya zamu ya saa 12.

Kurudi

Wengi huondoka wakisema watarudi baada ya miaka mitano. Kurudi nako kuna kanuni zake. Makaazi ya kudumu ya Uingereza kwa kawaida hupotea mtu akikaa nje ya nchi hiyo miaka miwili mfululizo. Ya Marekani huingia hatarini akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali maalumu cha kurejea. Anayetaka kujaribu maisha ya nyumbani bila kuufunga mlango aliotokea lazima aihesabu miezi.

Kisha kuna pensheni. Nchini Uingereza, anayestaafu kwa utaratibu ulioanza Aprili 2016 anahitaji angalau miaka 10 ya michango ya bima ya taifa ili apate chochote, na kwa kawaida miaka 35 ili apate kiwango kamili. Aliyefanya kazi miaka tisa na kurudi Tanga, pasipo kuiziba nafasi iliyobaki, hastahili kitu katika mfuko huo. Marekani nayo huhitaji takribani miaka 10 ya kazi kabla ya mtu kustahili pensheni ya uzeeni.

Jambo ambalo wazee wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa wanaoishi katika nchi zisizo na makubaliano nayo, na Kenya, Tanzania na Uganda hazimo katika orodha ya zenye makubaliano hayo. Kiwango kamili kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki mwaka 2016. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 230.25. Mstaafu aliyeanza kulipwa kiwango kamili mwaka 2016 na kuhamia Mombasa mwaka huo huo alibaki kwenye pauni 155.65, wakati mwenzake wa kazini aliyebaki Birmingham alipata nyongeza zote. Akirudi kuishi Uingereza atalipwa kiwango cha wakati huo.